Kikapu Kilichonyamaza

Sekela Mwambungu aliyasoma yale majina ishirini na matatu akiwa amesimama, maana alijijua: akikaa, hatainuka.

Majina yalikuwa kwenye skrini ya mezani, yamepangika vizuri, maandishi makubwa, nafasi ya kupumua kati ya mstari na mstari, vilevile alivyotaka yeye. Mbele ya kila jina palikuwa na neno moja la kijani: Ametoka. Rangi hiyo aliichagua yeye. Siku ya kuwasilisha kazi yake alisema kwamba mtu kutoka kwenye orodha si kosa wala ajali, ni hiari yake, na hiari ya mtu haiandikwi kwa wino mwekundu. Walimpigia makofi mpaka akainamisha uso. Aibu ya siku ile ilikuwa tamu. Ya leo ilikuwa mwiba.

Majina yote yalikuwa ya kaya moja, kijiji cha Kasyete, chini kabisa ya bonde. Wanne kati ya wenye majina hayo walikuwa wamezikwa juzi.

Bwana Tuntufye Kibona, mkuu wa Nyumba ya Orodha, aliingia akitafuna karafuu. Kwa kawaida alianza na utani. Leo alianza na kazi. Alimweleza kwamba kesho saa nne asubuhi ukoo wa marehemu mwenye nyumba ungekaa Kasyete kumjadili mjane wake. Walidai kwamba mjane huyo, akiwa ndani ya matanga ya mumewe, aliwatoa watu wa nyumba yake kwenye orodha ya mto ili asisumbuliwe na kelele, onyo la mafuriko likawapita, maji yakawakuta ndani. Wakithibitisha hilo, watamwondoa kwenye kiwanja na shamba la kakao, arudi kwao. Walikuwa wameomba mtu wa Nyumba ya Orodha aje asome kumbukumbu mbele ya wote, na kwa kuwa Sekela alizaliwa bonde lile, ataenda yeye.

"Utasoma kilichoandikwa," Tuntufye alisema. "Wametoka, tarehe fulani, basi. Huongezi, hupunguzi."

"Na wakiuliza walitokaje?"

Tuntufye aliitoa karafuu mdomoni, akaitazama kama ndiyo iliyouliza. "Hitilafu tutairekebisha kimyakimya, wiki hii hii. Lakini ukiisema hadharani, wizara inaturudishia Daftari. Wewe ndiye uliyesimama humu ukaniambia Daftari liliua watu kumi na tisa kule Ndobo. Au ni mimi niliyeota?"

Hakuota.

Bondeni habari haikufika kwa simu tena. Minara ya simu ilikwisha kuzolewa na mafuriko miaka mingi nyuma, na hakuna aliyeona haja ya kuisimika tena kwenye tope. Kilichotumika ni ushanga: punje ya kauri iliyoning'inizwa sikioni, mtu na wake. Karani akituma barua kwa orodha, shanga za wote waliomo hulia kwa pamoja. Unaugusa wako, unasikia barua. Palikuwa na orodha ya zahanati, ya shule, ya wauza kakao. Na palikuwa na orodha ya mto. Malango ya maji kule juu yakifunguliwa, barua ya orodha ya mto iliondoka mara moja, na aliyeisikia alikuwa na karibu saa nzima ya kupanda mlimani.

Daftari, programu ya zamani iliyoendesha orodha hizo, lilikuwa na kurasa arobaini na moja. Karani alisomea wiki sita ili ajue kuandikisha jina moja. Kumfuta aliyekufa kulihitaji hatua tisa na sahihi ya mtu aliyekaa Mbeya, kwa hiyo makarani walichoka, wakawaacha wafu humo humo. Orodha ya mto ikafika majina elfu tisini, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na masikio. Daftari lilibisha hodi mara tatu kwa kila ushanga uliokufa kabla ya kwenda kwenye jina linalofuata. Barua ya Ndobo ilichukua dakika hamsini na tano kuifikia Ndobo. Maji yalichukua hamsini.

Sekela ndiye aliyelivunja Daftari. Kurasa arobaini na moja alizifanya tatu. Ukurasa ule uliouliza "Una uhakika?" kila ulipogusa kitu aliufuta, maana makarani walimwambia unawafanya wajione wajinga. Sababu tisa za mtu kuwa nje ya orodha, ambazo hakuna karani aliyeweza kuzitofautisha, alizikunja zikawa neno moja la kijani. Na juu ya hayo aliweka kitu alichokiita Ukimya: ushanga usioguswa kwa siku kumi na nne, programu inautoa yenyewe. Orodha ikapungua, ikabaki na watu elfu arobaini walio hai. Barua ya kwanza ya mto ilifika bonde zima kwa dakika nne. Mwaka mzima hakufa mtu.

Mpaka juma lililopita.

*

Gari la ofisi liliteremka kwa kona, baridi ya juu ikibaki nyuma, joto la bondeni likiingia madirishani pamoja na harufu ya tope lililoanza kukauka. Dereva hakuwa msemaji. Sekela alifungua kompyuta mapajani.

Zile sababu tisa hakuzitupa. Alikuwa amezificha tu chini ya neno la kijani, mahali ambapo karani hafiki, na njia ya kufika aliijua yeye peke yake. Kwa mwaka mzima hakuwahi kuhitaji kwenda huko. Alikwenda sasa. Sababu ya kwanza ilikuwa hiari: mtu ameomba kutoka. Ya saba ilikuwa ushanga usioguswa, ambayo yeye aliiunganisha na Ukimya wake.

Alilifungua jina la mjane: Ikupa Mwaisaka. Saba. Alimfungua binti yake, Lugano, miaka kumi na tisa, mmoja wa wale wanne. Saba. Akaendelea mpaka jina la ishirini na tatu. Saba, saba, saba, zote zikiwa na tarehe moja na dakika moja, siku ya kumi na nne baada ya mazishi ya mume. Maji yalikuja siku ya kumi na sita, saa tatu asubuhi.

Hakuna aliyetoka. Wametolewa, na aliyewatoa ni yeye.

Angeweza kujitetea kwamba hakujua. Mtaalamu yeyote wa Mbeya angesema hivyo na kusema kweli. Sekela hakuwa na njia hiyo.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja baba yake alipofariki. Bibi yake alipita kwa kila mfiwa chumbani, akautoa ushanga sikioni taratibu kama anavyomvua mtoto nguo, akaziweka zote kwenye kikapu cha ukindu chenye mfuniko. Kwa siku arobaini masikio ya wafiwa yasingesikia kingine ila waliokuja kulia nao. Shemeji mmoja wa mama yake alipewa kikapu akae nacho mlangoni. Huyo ndiye mshika kikapu. Hakuzigusa shanga bila sababu, alisikiliza tu. Barua ya shule ikija, ushanga mmoja au miwili hulia, anaiacha. Lakini ikija barua ya mto, zote hulia kwa mpigo, kikapu kinavuma kama mzinga, na mshika kikapu huinuka na kuwatoa watu. Sekela aliwahi kukisikia kikivuma. Alibebwa mgongoni hadi mlimani huku kikapu kikiendelea kuvuma kwenye mkono wa mshika kikapu.

Kwa hiyo alijua. Na kama angesahau, alikumbushwa.

Siku ya kuijaribu programu mpya, ukumbini Mbeya, waliitwa makarani sita kutoka bondeni. Mmoja alikuwa Tumpe wa Kasyete, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Alibonyeza kila kitufe, akasifia, akauliza swali moja: "Na kikapu cha msibani je? Kinakaa siku arobaini hakijaguswa." Wataalamu waliotoka makao makuu, wenye shahada zao na mabegi ya ngozi, waligeuka wote wakamtazama Sekela. Walitaka awaelezee huyu mama anasema nini. Sekela, mwenye stashahada yake moja na viatu vya kuazima, aliona wanamsogeza kwa macho upande wa pili wa meza, upande wa makarani. Akacheka kidogo. Akasema ni mila za huko bondeni, siku hizi hazipo sana. Akaandika kwenye kadi: hali adimu. Akaibandika chini kabisa ya ubao.

Aliifunga kompyuta. Alitaka kumwomba dereva asimamishe gari ashuke, akaona aibu hata kwa hilo.

*

Tumpe alimpokea mbele ya banda la kukaushia kakao, ambako kikao kilikuwa kimeanza kujaa. Walisalimiana kwa "ndaga" ndefu ya kwao, Sekela akipiga goti kidogo kama inavyompasa mdogo.

"Hali adimu zimetimia ishirini na tatu, mdogo wangu," Tumpe alisema. Hakuinua sauti. "Ingia, wanakusubiri."

Banda lilinuka kakao chachu. Punje zilikuwa zimesukumwa pembeni kwa marundo, watu wamekaa kwenye meza za kukaushia, wengine wamechuchumaa ukutani. Katikati palitandikwa mkeka. Upande mmoja alikaa Ikupa, kanga nyeusi imemfunika mpaka nyusi. Upande wa pili alikaa shemeji yake, Gwakisa, mdogo wa marehemu. Kati yao kulikuwa na kikapu cha ukindu, kimevimba kwa maji na kukaukia upande mmoja. Gwakisa ndiye aliyekuwa mshika kikapu. Maji yalipoingia aliogelea nacho mkononi, na mkono wa pili ulimtosha kumshika mtoto mmoja tu. Lugano, watu walisema, ndiye aliyemrushia mtoto huyo.

Mwenyekiti wa ukoo alieleza kilichowakusanya, akampa nafasi Gwakisa. Gwakisa aliongea akitazama kikapu. Alisema yeye hakulala wala hakunywa. Alikaa mlangoni siku kumi na sita, kikapu gotini. Asubuhi ile aliwaona jirani wa ng'ambo ya kijito wakipanda mlima na vyombo vyao, akadhani wanaenda sokoni, maana ingekuwa mto kikapu kingelia. Hakikulia. Basi aliyekinyamazisha ni nani? Baada ya mazishi kaya iliandikishwa kwa jina la shemeji yake, yeye ndiye awezaye kuwatoa wote. Karani alipofungua skrini waliona wote: Ametoka.

"Hata paka wako wa jikoni ungemwonya, shemeji," alisema. "Sisi tulikukosea nini?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mwenyekiti alimuuliza Ikupa kama ana neno. Watu wakaanza kunong'ona.

"Sikumbuki kugusa kitu," alisema hatimaye. "Lakini siku zile mikono haikuwa yangu. Niliweka chumvi kwenye chai ya wageni, mliinywa mkaninyamazia. Huenda niligusa. Kama imeandikwa nimetoka, basi nilitoka. Mwanangu nilimuua mimi. Niacheni niende kwetu."

Sekela alikuwa amejiandaa kwa mengi njiani. Alijiandaa kwa mjane atakayekana, atakayeapa, atakayemwita yeye mwongo. Hakujiandaa kwa mtu aliyeliamini lile neno la kijani kuliko mikono yake mwenyewe. Neno lile alilipima kwa wiki tatu, akajaribu maneno kumi na moja mengine, mpaka akapata lisiloleta maswali. Kweli halikuleta.

Aliitwa asome. Alisimama, kompyuta mkononi. Alisoma jina la kaya. Alisoma tarehe. Sauti ilikuwa inatoka vizuri, sauti ya ofisi, na aliona jinsi ambavyo angeweza kuendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, akunje kompyuta, apande gari, na wiki ijayo hitilafu irekebishwe, Daftari lisirudi, watoto wa Ndobo waendelee kusikia barua kwa dakika nne. Hesabu yake haikuwa ya kipumbavu. Upande mmoja bonde zima, upande mwingine mwanamke mmoja ambaye tayari amekubali.

Ametoka, alitakiwa kusema. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni.

Alivua viatu, akaketi chini kwenye sakafu ya banda, nje ya mkeka, mahali pa mtu mwenye kosa.

"Mama Lugano hakugusa kitu," alisema. "Hakuna aliyetoka. Walitolewa."

Aliwaeleza. Ilibidi aanze mara mbili, maana mara ya kwanza alijikuta anasema "programu ilifanya" na "mfumo uliamua", akaisikia ilivyo. Alirudia akisema "mimi". Mimi niliweka siku kumi na nne. Mimi nilificha sababu nyuma ya neno moja. Kikapu kilipokaa wiki mbili hakijaguswa, mimi nilikihesabu kuwa ni watu wasiotaka kusikia. Akawaeleza na ukumbi wa Mbeya, swali la Tumpe, kadi aliyoiandika. Hapo alitaka kuishia. Lakini Tumpe alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, kwa hiyo alimalizia.

"Nilikijua kikapu," alisema. "Baba yangu alililiwa kwa kikapu. Niliona haya kusema mbele ya wakubwa kwamba sisi ndivyo tulivyo."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu. Mzee mmoja alivuta pua. Gwakisa aliinyoosha mikono yake mbele, akaigeuza juu chini, kama mtu anayetafuta jeraha.

"Kwa hiyo siku mbili zile," alisema polepole, "nilikuwa nimekaa nacho mlangoni, na kilikwisha kufa."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na mimi nakisikiliza."

"Ndiyo."

Akajifunika uso. Mwenyekiti alijaribu kusema jambo kuhusu kufunga kikao, shauri limekwisha, mjane abaki na kwake. Watu walianza kuinuka kwa namna ya watu wanaotaka kuwa kwingine. Sekela naye alitaka kuwa kwingine. Ikupa ndiye hakuinuka.

"Wewe binti," alisema, na akaisogeza kanga kutoka usoni kwa mara ya kwanza. Hakuwa mzee. "Haya yamesikiwa na watu wa banda hili. Kwamba nilimuua mwanangu kumesikiwa mpaka Ndobo. Sokoni wananipisha njia. Utawafikia wote mmoja mmoja?"

Sekela alisema atapeleka taarifa ofisini.

"Ofisini nani ananijua?"

Alielewa anachoombwa. Njia ya kulifikia bonde zima kwa pigo moja ilikuwepo, moja tu, na sheria yake ilikuwa nyepesi kukumbuka: orodha ya mto haitumwi kingine ila maji. Atakayeivunja hana kazi jioni ya siku hiyo. Na barua ikishatoka, Tuntufye hatakuwa na cha kurekebisha kimyakimya. Wizara itasikia saa ileile watakayosikia wauza ndizi.

Alifungua kompyuta magotini. Alianza na maneno "Hakuna maji, msikimbie," ili asiwatie watu hofu, kisha akaandika yaliyobaki. Aliandika kila karani amrudishe kila aliyetolewa wakati wa msiba, leo, kabla ya kula. Aliandika kwamba hata vikapu vikirudishwa orodhani, barua kwa programu ile bado inafika kwa dakika nne, na kwa Daftari haifiki kwa wakati, wapime wenyewe. Mstari huo aliufuta, akauona ni wa kujitetea. Akaurudisha, kwa sababu ulikuwa kweli na Ndobo walikuwa na haki ya kuusikia.

Kidole kilisita juu ya kitufe. Alingoja, bila kujua anangoja nini, kisha akagundua: alikuwa anangoja aulizwe kama ana uhakika. Ukurasa huo haukuwepo. Aliufuta yeye.

Akagusa.

Shanga zikalia. Zililia masikioni mwa watu waliokuwa mlangoni, wakasimama. Zililia kwa mwenyekiti, kwa Tumpe, kwa dereva nje kwenye gari, kwa wanawake waliokuwa wakifua nguo za matope kisimani, mlio ukienda ukishuka na barabara nyumba kwa nyumba mpaka ukawa mbali. Vidole vikapanda masikioni. Banda zima likanyamaza kusikiliza, na nyuso zikabadilika moja baada ya nyingine, kila mmoja kwa wakati wake.

Ikupa alikuwa amekisogeza kikapu. Alikiweka mapajani, akafunua mfuniko, akainama juu ya zile punje ishirini na tatu na kutega sikio, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Alingoja. Kila mtu bondeni alikuwa anasikia kwamba hana hatia.

Kikapu kilikaa kimya. Hakuna aliyewarudisha kwenye orodha bado, hata Sekela mwenyewe.

Aliinua macho. "Hakijalia," alisema.

Sekela alitambaa mpaka kwenye mkeka. Aligeuza skrini ili nuru yake ianguke ndani ya kikapu, akainamisha kichwa karibu na kile cha mjane, na kwa mdomo wake mwenyewe akaanza kusoma tangu mwanzo:

"Hakuna maji, msikimbie. Mimi, Sekela Mwambungu, ndimi niliyekinyamazisha kikapu cha Mama Lugano..."